Mtoto Mwenye Ualbino Anaona: Msogezee Anachotazama

Wiki ya 6, ya 10 na ya 14: hizo ni siku za chanjo ambazo mama wa Tanzania au Kenya anazijua bila kutazama kadi. Kwa mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino, mara nyingi ni katikati ya safari hizo ndipo anapoona jambo ambalo hakuambiwa wodini. Macho ya mtoto hayatulii. Yanakwenda kushoto na kulia, polepole na kwa upana, hata anaponyonya. Mama akimchekea, mtoto hamtazami. Akipitisha khanga yenye rangi kali mbele yake, macho hayaifuati. Bibi anasema ni degedege, jirani anasema mtoto kaingiliwa, na mama mwenyewe usiku anajiuliza swali asilothubutu kulitamka mbele ya watu: huyu mwanangu ni kipofu?

Mtoto mwenye ualbino anaona. Katika miezi ya mwanzo uoni wake huchelewa kuamka kuliko wa watoto wengine, kisha kati ya mwezi wa nne na wa sita mama huanza kugundua kwamba anamfuata kwa macho, anashika kidole, anaijua sura iliyoinama karibu naye. Kuchezacheza kwa macho nako hupungua kasi na upana kadiri anavyokua, ingawa kwa kawaida hakuishi kabisa. Atakuwa na uoni hafifu, na uoni hafifu si upofu. Tofauti ya hali hizo mbili ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu watoto wengi wamepotezewa masomo na watu wazima wasioijua. Kuhusu ngozi na jua mengi yamesemwa, na kuhusu usalama vilevile, tena ilipasa yasemwe. Macho yameachwa nyuma, ilhali kwa maoni yangu ndiyo yanayoamua kama mtoto huyu atamaliza shule.

Hali hii hurithiwa kutoka pande zote mbili. Baba na mama, wote weusi, kila mmoja hubeba nakala moja ya jeni yenye kasoro bila kujua. Mtoto akizipata zote mbili, mwili wake hautengenezi melanini ya kutosha. Kwa wazazi hao kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Duniani kwa jumla ualbino ni adimu, takriban mtu 1 katika kila 17,000 hadi 20,000. Kwetu ni tofauti: makadirio yanayotajwa sana Tanzania ni mtu 1 katika 1,400, na sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729. Aina inayoongoza Afrika kusini mwa Sahara huitwa OCA2. Baba anayemwachia mama peke yake safari za kliniki kwa kuwa “kwetu hatuna watu hawa” anakosea hesabu, maana nusu ya jambo hili imetoka kwake.

Melanini haikuwekwa mwilini kwa ajili ya ngozi tu. Mtoto akiwa bado tumboni, ndiyo inayosaidia retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, kujijenga ipasavyo. Katikati ya retina kuna kitovu kidogo ambacho mtu hukitumia kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kumtambua mtu aliye ng’ambo ya barabara. Kwa mwenye ualbino kitovu hicho hakikomai. Neva zinazobeba picha kutoka machoni kwenda ubongoni nazo hujigawa vingine: nyuzi nyingi mno huvukia upande wa pili, kwa hiyo macho mawili hayashirikiani vizuri kupima kina na umbali, na makengeza ni jambo la kawaida. Kisha lile duara la rangi linalozunguka mboni, ambalo kazi yake ni kuzuia mwanga, linaupitisha. Ndiyo maana mtoto anafinya macho mchana. Wapo wanaosema watu hawa huona usiku kuliko mchana. Hawaoni kuliko sisi gizani. Wanapumzika tu na mwanga unaowaumiza.

Ukiyaelewa hayo utaelewa kwa nini miwani husaidia lakini haimalizi kazi. Ni kama kamera ya simu ya bei nafuu: ukifuta kioo chake picha inakuwa bora, lakini ukitaka kusoma bango la mbali itakubidi usogee. Watoto wengi wenye ualbino wana matatizo ya ziada ambayo miwani inayarekebisha: wengine wanahitaji lenzi za kuona mbali, wengine za kuona karibu, na wengi uso wa jicho lao haukuviringana sawasawa, kwa hiyo picha inavutika upande mmoja. Miwani huondoa ukungu huo. Haijengi kitovu ambacho hakikujengwa. Mzazi aliyeahidiwa kwamba mwanawe “akivaa miwani ataona kama wenzake” atavunjika moyo, ataitupa kabatini, na mtoto atapoteza hata ule msaada ambao miwani ingempa.

Jambo jingine la kumtuliza mzazi ni kwamba hali hii haizidi mwaka hadi mwaka. Uoni wa mtoto wa miaka saba hautapungua kwa sababu ya ualbino afikapo ishirini. Ukiona umeshuka ghafla, au jicho limekuwa jekundu, linauma na kutoa uchafu, hapo kuna ugonjwa mwingine na unahitaji daktari upesi. Usiseme “ni macho yake tu ndivyo yalivyo.”

Sasa dawa, na hapa sitapunguza makali. Hakuna tone la macho linalotibu ualbino. Hakuna majani, asali, maziwa ya mama wala maji ya mzizi yanayotuliza macho yanayocheza. Dawa za kienyeji zinazotiwa machoni huchubua kioo cha mbele cha jicho, huleta vidonda, na kovu likibaki pale katikati mtoto aliyekuwa na uoni hafifu anaweza kuwa kipofu kweli. Matone ya duka la dawa yanayonunuliwa bila kupimwa nayo si salama: baadhi yana steroidi, ambazo zikitumiwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho na kuua neva yake kimyakimya. Anayekuuzia tiba ya ualbino anakuuzia uongo, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Usisubiri mtoto aandikishwe shule ndipo umpeleke kwenye macho. Mpeleke akiwa na miezi michache, na kabla hajatimiza mwaka awe amepimwa kama anahitaji miwani. Anza na hospitali ya wilaya au ya kaunti, uulize aliko mratibu wa huduma za macho, naye akupe rufaa. Tanzania zipo hospitali kama KCMC ya Moshi na CCBRT ya Dar es Salaam zenye madaktari bingwa wa macho. Kenya zipo kama Kikuyu karibu na Nairobi, na Sabatia kule Vihiga. Lengo lako si daktari wa macho tu, ni kliniki ya uoni hafifu, maana huko ndiko wanakopima kile mtoto anachoweza kukiona na kutafuta namna ya kukikuza.

Wazazi huuliza: mtoto asiyejua herufi atapimwaje? Anatiwa matone yanayopanua mboni na kulegeza misuli ya jicho, kisha mpimaji anammulika kwa taa maalumu na kushika lenzi moja baada ya nyingine mbele ya jicho. Namba inapatikana bila mtoto kusema neno. Baada ya hapo mwanga utamuumiza kuliko siku zote, kwa saa kadhaa, au kwa siku kadhaa kama alitiwa atropini, kwa hiyo nenda na kofia na khanga ya kumfunika njiani kurudi. Ukiwa huko, usiondoke na jibu la “ni ualbino, hakuna la kufanya.” Sentensi hiyo bado inasemwa, na si kweli. Uliza namba ya miwani ni ngapi. Uliza kama makengeza yanahitaji kuzibwa jicho moja au upasuaji. Uliza uoni wake ni kiasi gani, uandikwe kwenye kadi kwa tarakimu, na uulize urudi lini. Watoto wadogo hupimwa tena kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili kwa sababu jicho linakua na namba inabadilika.

Tarakimu hizo za uoni zina maana rahisi. Mtoto wa 6/60 anahitaji kuwa mita 6 kutoka kwenye kitu ambacho mwenye macho mazuri hukiona akiwa mita 60. Wengi wenye ualbino huwa kati ya 6/18 na 6/60, wengine chini ya hapo kidogo. Ukiijua namba ya mwanao unaweza kuhesabu umbali wake mwenyewe, na nitakuonyesha tukifika darasani.

Kuna jambo moja la kumwambia daktari hata asipouliza. Mtoto akivimba michubuko ya damu kwa kugongwa kidogo, akitokwa damu puani mara kwa mara na kwa muda mrefu, au jino lake liling’olewa na damu ikakataa kukoma, sema. Upo ualbino unaokuja pamoja na sindromu ya Hermansky-Pudlak, ambamo chembe za kugandisha damu hazifanyi kazi vizuri. Ni nadra sana, lakini ni vema ijulikane kabla ya upasuaji wa makengeza kuliko baada yake. Vivyo hivyo mtoto anayeugua maambukizi makali mfululizo apimwe damu, kwa kuwa sindromu nyingine iliyo adimu zaidi, ya Chediak-Higashi, huambatana na kinga dhaifu. Na kwa wale ambao wana mtoto wa kiume mwenye ngozi nyeusi kama yao lakini macho yanacheza na jua linamsumbua: upo ualbino wa macho peke yake, unaopitia kwa mama na kuwapata wavulana. Huyo hupita miaka mingi akiitwa mzembe, kwa kuwa hakuna anayefikiria ualbino akimwona.

Miwani ya mtoto iwe ya lenzi za plastiki, fremu inayokaa vizuri puani, na kamba au mpira wa kuishikilia nyuma ya kichwa. Miwani inayoteleza mpaka ncha ya pua haifanyi kazi, hata kama namba ni sahihi. Mtoto mdogo ataivua. Mvalishe wakati anapokula, anapotazama picha, anapochezewa, yaani nyakati ambazo kuona kunamletea raha, kwa dakika chache mwanzoni, na siku moja utamsikia akiidai mwenyewe. Akiikataa kwa wiki nyingi mfululizo, irudishe kwa aliyempima. Huenda namba imekosewa.

Kuhusu miwani ya jua, weusi wa kioo si ushahidi wa kinga. Tafuta iliyoandikwa UV400, na usitafute nyeusi tititi: ikizidi, mtoto akiingia darasani au chini ya mwembe haoni kitu. Rangi ya kahawia au kijivu ya wastani inawafaa wengi, na lenzi zinazojigeuza rangi juani ni nzuri kwa anayezimudu. Lakini mimi nikilazimishwa kuchagua kifaa kimoja cha mwanga, nitachagua kofia yenye ukingo mpana pande zote. Ni rahisi, haivunjiki, inakinga macho, masikio na shingo kwa pamoja. Shule inayomkataza mtoto huyu kuvaa kofia mstarini kwa sababu “si sare” inahitaji kutembelewa na mzazi, mapema asubuhi, kwa heshima na bila kuondoka mpaka lieleweke.

Nyumbani kazi ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu karibu yote inarudi kwenye umbali. Ukipunguza umbali kwa nusu, kitu kinaonekana kikubwa mara mbili. Mtoto mwenyewe amekwisha kuigundua kanuni hiyo: anaweka kitabu puani, anasimama mbele ya televisheni mpaka wengine wanamlalamikia. Mwache. Kutazama karibu hakuharibu macho, na misuli ya jicho la mtoto ina nguvu za kutosha kwa kazi hiyo. Mpatie kigoda chake karibu na televisheni, pembeni kidogo, na ugomvi wa sebuleni utaisha. Vilevile usimnyooshe kichwa. Mtoto ambaye macho yake yanacheza hutafuta pembe fulani ambapo hutulia, na kwa sababu hiyo huinamisha au kugeuza uso anapotazama kwa makini. Anayemshika kidevu na kumwambia “tazama mbele” anamnyang’anya uoni wake bora. Wala usimwambie atulize macho: hayachezeshi kwa hiari, hana habari nayo, na dunia haitikisiki mbele yake kama wengi wanavyodhani. Akichoka, akiumwa au akitishwa yanacheza zaidi, basi.

Kinachowaumiza watoto hawa mitaani ni salamu. Anapita mbele ya baraza la wazee, haamkii. Shangazi anampungia mkono toka kituo cha daladala, mtoto anamtazama na kugeuka. Jioni habari imefika nyumbani: mtoto wenu hana adabu, shikamoo yake ya kutafutwa kwa tochi. Kumbe hakuwaona. Alichoona ni watu wawili watatu wasio na sura. Mzazi, waambie ndugu na majirani waziwazi: ukimwona, mwite jina lake na ujitaje wewe ni nani, atakuamkia kabla hujamaliza. Na mfundishe mtoto mwenyewe kusema bila haya, “Samahani, macho yangu hayafiki mbali, ni nani?” Swali hilo litamwokoa mara nyingi zaidi maishani kuliko miwani yoyote.

Mpe kazi za nyumbani kama wenzake, ila rekebisha rangi. Kuchambua mchele kwenye ungo mweupe ni mateso. Umwage kidogokidogo kwenye sinia la rangi nyeusi, aliweke mapajani, akae kivulini mwanga ukitoka nyuma yake, na mawe ya rangi nyeupe ambayo macho yameyaacha atayapata kwa vidole. Chai mimina kwenye kikombe cheupe, uji kwenye bakuli la rangi. Ngazi ndizo hatari, hasa za kushuka, kwa kuwa hapimi kina: paka mstari wa chokaa au rangi ya njano kwenye ukingo wa kila kipandio. Kwenye michezo, rede na mpira mdogo unaorushwa kwa kasi utamshinda na kumtia aibu. Kuruka kamba, kukimbia, ngoma, na mpira mkubwa wa rangi kali vinamfaa. Rangi anazijua vizuri, msimpime kwa kumuuliza kila saa hii ni rangi gani. Barabarani mfundishe kutumia masikio na kuvuka penye watu wanaovuka, maana bodaboda inakuja kabla macho yake hayajaiona.

Tuingie darasani, mahali ambapo makosa makubwa hufanyika kwa nia njema. Katika miaka ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino Tanzania, watoto wengi walihamishiwa kwa usalama wao katika shule zenye mabweni, kadhaa kati ya hizo zikiwa shule za wasioona au zenye vitengo vyao. Uhai wao uliokolewa. Lakini mtindo wa kumchukulia mtoto mwenye ualbino kuwa asiyeona umeota mizizi, na leo bado utakuta mtoto anayefundishwa nukta nundu, naye anazisoma kwa macho, ameinamia karatasi akifuatilia vivuli vya vinundu vidogo visivyo na rangi! Hakuna kinachochosha macho kuliko hicho. Mtoto anayeweza kuona vivuli vya nukta anaweza kusoma maandishi makubwa. Mwenye uoni mdogo sana anaweza kufaidika na nukta nundu, sikatai, lakini uamuzi huo utoke kliniki ya uoni hafifu baada ya kupimwa. Rangi ya ngozi haiwezi kuuamua.

Kosa la upande wa pili ni kumweka darasa la kawaida na kumwacha hivyohivyo. Hapa ile hesabu niliyoahidi. Mtoto wa 6/60 akiwa mita 6 kutoka ubaoni husoma herufi yenye kimo cha karibu sentimita 9. Akiwa mita 2, inamtosha ya sentimita 3, tena kwa shida. Ili asome bila kuhangaika inafaa iwe mara mbili ya hapo. Mwalimu achukue rula apime herufi zake. Ataona kwamba dawati la mbele ni lazima, na kwamba hata hilo halitoshi peke yake. Mtoto aruhusiwe kuinuka na kwenda ubaoni kusoma bila kuomba ruhusa kila mara. Mwalimu aseme kwa sauti kila anachoandika. Ubao ufutwe kwa kitambaa chenye maji ili chaki nyeupe iwe juu ya weusi wa kweli, si juu ya vumbi la kipindi kilichopita.

Mahali pa kukaa pana ufundi wake. Kwanza mgongo uelekee dirisha, kwa sababu mwanga unaomjia usoni humfutia ubao wote. Kisha itazame ile pembe yake ya kutuliza macho. Mtoto anayegeuza uso kushoto na kutazama kwa kona ya kulia akae upande wa kushoto wa darasa. Ubao utakuwa kuliani kwake na shingo itapumzika. Dawati lenye mteremko, au vitabu viwili vilivyowekwa chini ya ubao mdogo, humletea daftari machoni badala ya yeye kulipindia mgongo siku nzima. Kalamu iwe ya wino mweusi, mistari ya daftari iliyokolea. Maandishi ya ukubwa wa 18 hadi 24 yanawafaa wengi, lakini mjaribishe mwenyewe kabla ya kukuza kila kitu: karatasi kubwa mno nayo ina usumbufu, na mwenye lenzi nzuri ya kukuzia husoma kitabu cha kawaida.

Lenzi za kukuzia za kuweka juu ya ukurasa ni rafiki wa mtoto wa darasa la kwanza, kwa kuwa hazihitaji kushikiliwa kwa umbali maalumu. Kwa ubao ipo darubini ndogo ya jicho moja, inayoshikwa mkononi. Mtoto wa miaka saba au minane anaweza kuifunza, kwanza kwa mchezo nyumbani, kutafuta ndege mtini na namba za magari, kisha ndipo aende nayo shule. Akikabidhiwa tu na kuambiwa “tumia,” itabaki mfukoni. Simu nayo ni kifaa kizuri kwa kukuza picha ya ubao au ya kitabu, ila shule zetu nyingi zinakataza mwanafunzi kuwa nayo. Mwalimu anaweza kupiga picha kwa yake, au mwanafunzi mwenzake akamnakilia na wakasoma pamoja. Kati ya misaada yote ya darasani, sioni unaoshinda kupewa maelezo ya somo yameandikwa tayari. Mtoto anayenakili ubaoni kwa tabu hana nafasi ya kumsikiliza mwalimu.

Mwalimu pia asipime akili kwa kasi. Macho haya husoma polepole, na mtoto huyu akimaliza maswali saba kati ya kumi, yote sahihi, ametoa habari kuhusu muda, si kuhusu kichwa chake. Abdallah Possi alisomea sheria, akawa naibu waziri wa Tanzania mwaka 2015 na baadaye balozi. Mumbi Ngugi ni jaji wa Mahakama ya Rufaa ya Kenya. Wote wawili wana ualbino, na kazi ya sheria ni kusoma mwanzo mpaka mwisho.

Anapokua, ongea naye mapema kuhusu kuendesha vyombo vya moto. Kwa wengi wenye hali hii uoni haufikii kiwango kinachotakiwa barabarani, na kijana wa kijijini ambaye wenzake wote wanaingia kwenye bodaboda anahitaji kusikia hilo kutoka kwa mtu anayempenda, pamoja na njia nyingine ya kupata riziki.

Na kabla ya mitihani ya taifa, shughulikia makaratasi. Baraza la Mitihani la Tanzania huwakuzia maandishi watahiniwa wenye uoni hafifu, na muda wa ziada hutolewa: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kenya nayo hutoa karatasi za maandishi makubwa na muda wa ziada. Yote hayo hutegemea shule kumsajili mtoto hivyo. Asipotajwa kwenye usajili, siku ya mtihani atapewa karatasi ya maandishi madogo na muda uleule wa wenzake, na msimamizi hatakuwa na la kufanya. Nenda na kadi ya hospitali yenye ile tarakimu, umwone mwalimu mkuu mwanzoni mwa mwaka wa mtihani, na usiondoke mpaka umeliona jina la mwanao katika orodha ya wenye uoni hafifu.